Lami Kabla ya Mtakatifu Dimitri

Zaprian Kolev haingii mahali penye lami bila kutazama chini kwanza. Mpeleke benki, atasimama kwenye maegesho. Mpeleke harusini, atasimama kwenye maegesho. Hupima kwa macho mteremko unakoelekea, hutafuta tundu la kupokea maji, na asipoliona hutoa pumzi puani kama mtu aliyepewa supu isiyo na chumvi. Mkewe, Zlatina, ana msemo wake kuhusu jambo hilo: "Niliahidiwa mwanamume, nikaletewa pima maji."

Ni mtu wa Brestitsa, kijiji kilicho kando ya barabara ya zamani ya kwenda mpakani. Baba yake alikuwa fundi wa mawe. Yeye mwenyewe alipofika umri wa kwenda jeshini alipewa sepetu badala ya bunduki, na baada ya hapo, wakati serikali ya zamani ilipokuwa ikipeleka mafundi wake Libya, alipanda ndege kwenda kutandika barabara jangwani. Huko alijifunza lami. Maji alijifunza aliporudi, kwa sababu jangwani hakuna aliyemuuliza mvua itakwenda wapi.

Amezeeka kidogo sasa. Mgongo umeanza kumsaliti, na kidole kimoja cha mkono wa kushoto hakikunjiki, kilibanwa na rola. Lakini kwa miaka mingi yeye na kikundi chake kidogo ndio waliogeuza kokoto kuwa lami katika upande huu wote wa bonde: kwenye migahawa, kwa waziba magurudumu, kwenye kiwanda cha mbao, kwenye ghala la nyanya. Zamani kila mwenye biashara alimwaga lori la kokoto mbele ya mlango akaridhika. Kisha magari yakawa ya chini na wateja wakawa na viatu vyeupe. Kiangazi vumbi linatua kwenye supu, kipupwe matope yanaingia mpaka jikoni. Jirani mmoja akiweka lami, wa pili halali.

Watu hudhani kazi ni ile lami nyeusi yenye mvuke. Hapana. Lami ni siku moja tu, na ndiyo siku ya kupigiwa picha. Kazi iko chini yake. Unakwangua uchafu na mafuta, unarekebisha mteremko kwa greda, unamwagia maji kokoto na kuzishindilia mpaka rola haiachi alama, unapulizia lami ya majimaji ili tabaka la juu lishike, ndipo unatandaza. Na kabla ya hayo yote unauliza: mvua ya uwanja huu itakwenda kwa nani? Kwa maana kokoto hunywa maji zenyewe. Lami hainywi. Lami humpa jirani.

Zaprian aliyajua hayo kama anavyojua jina lake. Ndiyo sababu habari ya uwanja wa Ventsi inamuuma.

Ventsi ni mwenye mgahawa ulio mwisho wa kijiji, ule wa supu ya utumbo ambayo madereva wa malori hujipangia safari wakaifikie asubuhi. Mtu mnene, mcheshi, mwenye haraka. Uwanja wake ulikuwa wa kokoto tangu enzi za baba yake, na uliinama kidogo kwa nyuma, kuelekea ua wa Nedialka. Kuinama huko hakukumdhuru mtu. Mvua ilinyesha, ikazama palepale iliponyeshea, basi.

Nedialka ni mjane. Nyumba yake ni ya matofali mabichi juu ya msingi wa mawe, kama nyumba nyingi za zamani hapa. Mumewe, Gancho, aliijenga kwa mikono yake walipooana. Karatasi ya kumbukumbu ya kifo chake, yenye picha yake akiwa amevaa kofia ya manyoya, imebandikwa langoni, na kila mwaka Nedialka huibadilisha kwa mpya.

Sasa, mafundi wa nchi hii wana mwaka wao. Mwaka wa fundi unafunguliwa siku ya Mtakatifu Georgi, majani yanapochipua, na unafungwa siku ya Mtakatifu Dimitri, mwishoni mwa Oktoba. Siku hiyo vikundi huvunjwa, watu hulipwa, hula na kunywa, na kila mmoja huenda kwake kusubiri theluji. Vijana hawajali tena. Zaprian anajali. Baba yake alimwambia kwamba mwiko wa fundi ukiinuliwa baada ya Dimitri unachimba kaburi, na Zaprian, ambaye haamini hata utabiri wa hali ya hewa, alikuwa hajawahi kuinua mwiko baada ya Dimitri.

Kazi ya Ventsi ilianza vizuri. Kisha ikanyesha, wakakaa. Ikaacha, wakaanza, ikanyesha tena. Mwenye greda akaja kuichukua greda yake, alikuwa ameiahidi kwingine. Kiwanda cha lami, kile cha karibu na mji, kikatoa habari kwamba kinazima moto wiki hiyohiyo mpaka machipuko. Na Dimitri alikuwa mlangoni.

Ili kugeuza mteremko uelekee mtaro wa barabarani, ilitakiwa kuchimba upande wa mbele na kujaza upande wa nyuma, kisha kushindilia upya. Bila greda, bila muda. Kokoto zilikuwa zimeshindiliwa na malori kwa miaka mingi, ngumu kama sakafu. Zaprian alizikanyaga, akatazama ua wa Nedialka, akatazama mawingu, akaamua kutandika lami juu yake vilevile zilivyolala.

Sali, dereva wake wa rola, Mturuki wa kijiji cha jirani, mtu wa mzaha asiyenyamaza hata akiwa na sigara mdomoni, alizima injini.

"Fundi, tukipiga lami hivi, bibi wa watu ataota anaogelea."

"Tutamwekea mtaro."

"Lini?"

"Machipuko. Tunakata kando ya ua, tunalaza bomba mpaka barabarani. Kazi ya siku moja."

"Kama ni ya siku moja, si tuifanye leo?"

"Leo malori ya lami yako njiani, Sali. Yakifika nikuletee wewe nyumbani?"

"Niletee! Mke wangu kila siku analia na matope."

Wakacheka. Rola ikawaka. Lami ikaja, nyeusi, ikitoa moshi, na jioni yake uwanja wa Ventsi ulikuwa umenyooka kama shati la bwana harusi.

Siku ya Dimitri Ventsi alichoma kondoo. Nedialka alikuja na sinia la maandazi ya maboga, bado ya moto, akampa Zaprian kwanza kabla ya wote.

"Chukua, Zapko. Miaka yote nimekula vumbi la malori. Nikianika shuka nyeupe, naanua ya kijivu. Mungu akupe mikono mizima."

"Bado tuna kazi kidogo, shangazi," Zaprian akasema, kwa kuwa hapa kila mwanamke mkubwa ni shangazi. "Machipuko."

"Kazi gani tena? Pamependeza! Hata Gancho pale langoni kafurahi."

Zaprian akala andazi. Aliniambia kwamba lilikuwa tamu, na kwamba anaikumbuka ladha yake kuliko angependa.

Mvua ya kweli ilikuja mwezi wa Novemba. Zaprian alikuwa ameketi ndani ya mgahawa, dirishani, na bakuli lake la supu. Akaona maji yakikusanyika juu ya lami, yakipangana, yakianza safari. Hayakukimbia. Yalikwenda taratibu, kwa adabu, kama watu wanaotoka kanisani, yakapita chini ya ua wa Nedialka, yakapotea. Zaprian akatazama muda mrefu. Kisha akaagiza siki na vitunguu saumu zaidi.

Akajiambia: machipuko. Ardhi ikiganda, maji hayatatembea. Theluji ikija, italala. Mtu akitaka kujidanganya hali ya hewa yote humsaidia.

Januari, wakati theluji ya kwanza ilipoyeyuka, Nedialka alimsimamisha nje ya duka la mikate.

"Zapko, mwanangu, wewe ni mtu wa ujenzi. Njoo uniangalizie ukuta. Unatoka jasho."

Angeweza kusema wakati ule. Walikuwa barabarani, watu wawili, kila mmoja na mkate wake kwapani. Badala yake alisema, "Nakuja, shangazi," akaenda.

Ukuta ulikuwa wa chumba cha kulala, upande wa Ventsi. Nedialka alikuwa amesogeza kitanda katikati ya chumba kama mashua. Chini, plasta ilikuwa imevimba na kudondoka, na kwenye kona palikuwa na ufa uliopanda mpaka karibu na dari. Zaprian akaweka kiganja ukutani. Tofali bichi likilowa halisemi kitu. Linakuwa laini tu, kidogo kidogo, mpaka siku linapokumbuka kwamba ni udongo.

"Ni nini, Zapko?"

"Nyumba ya zamani, shangazi. Unyevu hupanda wenyewe."

"Mbona haukupanda miaka yote?"

"Umechelewa tu."

Nedialka akapiga paja. "Gancho huyo! Nilimwambia, weka mawe zaidi chini, weka mawe! Akasema, 'Mwanamke, nenda kapike.' Nikaenda kupika. Haya, ona!"

"Usimlaumu marehemu, shangazi."

"Nimlaumu nani basi, wewe?"

Alicheka mwenyewe kwa mzaha wake. Zaprian akacheka pia, ndiyo, akacheka. Mjane akamtia mfukoni chupa ya pilipili za kusaga na nyanya, alizozipika mwenyewe kiangazi, asante ya kuja kumtazamia ukuta. Nyumbani Zlatina aliifungua, akaipaka kwenye mkate.

"Hii ni ya Nedialka, naijua kwa harufu. Mbona huli?"

"Tumbo."

"Tumbo lako nalijua. Hilo si tumbo."

Ufa uliendelea. Mwezi wa Februari binti yake Nedialka alikuja kutoka mji wa Plovdiv, akautazama, akamwambia mama yake afungashe, nyumba itamwangukia usingizini. Nedialka alikataa, lakini kijiji chote kilisikia kwamba safari hii alikataa kwa sauti ndogo. Alimwambia Zlatina kwamba akifika Pasaka ukuta bado unalia, ataiuza nyumba kwa yeyote, ataenda kukaa kwa binti yake ghorofa ya saba na kutazama watu kutoka juu kama kunguru. Zlatina alimhadithia mumewe mezani. Zaprian akaomba chumvi, na chumvi ilikuwa mbele yake.

Kisha ikaja Jumamosi ya Wafu, ile ya kabla ya Kwaresima, ambayo kila mtu hupeleka makaburini ngano ya kuchemsha, mkate na divai. Ni siku ya kelele. Nimeona makaburi ya nchi nyingi, watu wakinong'ona kama walio benki. Hapa huongea na wafu wao kwa sauti ileile waliyowasemesha wakiwa hai, wakigombana nao na kuwapasha habari za bei. Wazazi wa Zaprian wamelala nyuma ya Gancho, mstari mmoja juu. Alikuwa ameinama akiwasha mshumaa wa mama yake aliposikia.

"Mnafiki wewe!" Nedialka alikuwa anamwambia Gancho. "Fundi! Fundi wa nini? Umenijengea ukuta wa andazi! Nalala katikati ya chumba kama mgonjwa wa kipindupindu! Nilikwambia weka mawe!"

Wanawake wa kaburi la pili wakaanza kucheka. "Mpe, Nedialka! Mpe, hana pa kukimbilia!"

"Nilikupikia, nikakufulia, nikakuzalia. Na wewe ukanidhulumu mawe! Unaiona hii?" Akainua chupa ya divai. Desturi ni kuimwaga juu ya kaburi, marehemu anywe. "Unaiona? Leo hunywi."

Akaifunga kizibo, akairudisha kikapuni. Vicheko vikawa vingi. Yeye hakucheka. Zaprian alimwona akitengeneza kitambaa chake cha kichwa, mara ya kwanza, mara ya pili, jinsi mtu anavyofanya akitafuta kazi ya mikono ili uso usimsaliti. Kisha akaondoka, akiacha kaburi kavu katikati ya makaburi yote yaliyolowa divai.

"Hapo," Zaprian aliniambia, "nilitamani ardhi inimeze. Lakini nilikuwa nimesimama juu ya mama yangu. Ningemwangukia."

Siku chache baadaye ilikuwa Jumapili ya Msamaha. Siku hiyo wadogo huenda kwa wakubwa, hubusu mkono na kusema, "Nisamehe." Mkubwa hujibu, "Umesamehewa, na Mungu akusamehe," kisha hutoa yai la kuchemsha au kipande cha halua. Nimekaa miongoni mwa watu wanaomnong'oneza padri dhambi zao moja moja, kwa majina yake, kupitia wavu wa mbao. Hapa hakuna majina. Tena ni utovu wa adabu kumwacha anayeomba amalize sentensi. Akishatamka "nisamehe," unamwahi na jibu, ili asipate aibu ya kutaja. Ni desturi ya huruma, na ndani yake mwenye kosa anaweza kujificha.

Zaprian alikuwa ameandaa maneno. Naamini aliyaandaa. Aliingia kwa Nedialka akiwa amevaa koti la kanisani, akainama, akabusu ule mkono wenye harufu ya sabuni.

"Nisamehe, shangazi, kwa..."

"Umesamehewa, mwanangu, na Mungu akusamehe." Mkono wa pili ulikuwa tayari kichwani mwake, na yai lilikuwa tayari kiganjani. "Na wewe nisamehe mimi bibi mzee, nakusumbua na kuta zangu."

Naye, kwa mazoea ya miaka hamsini, akajibu, "Umesamehewa."

Alirudi nyumbani mwepesi. Alipiga mluzi, Zlatina ananiambia, mtu ambaye hajapiga mluzi tangu Libya. Akamenya yai, akalitia chumvi, akalila lote akiwa amesimama.

"Nimetoka kwa Nedialka. Kanisamehe."

"Kakusamehe nini?"

"Yote."

"Yote ni nini?"

Akamwambia. Greda, Dimitri, mteremko, mtaro wa machipuko, kiganja ukutani. Alisimulia kama mtu anayesimulia ugonjwa aliokwisha kupona. Zlatina alimsikiliza mpaka mwisho, akiwa na kitambaa cha vyombo begani.

"Na haya ulimwambia?"

"Hakuniacha nimalize. Unajua desturi."

"Kwa hiyo hajui."

"Kanisamehe, Zlatina."

"Bwana wee! Umemharibia nyumba, halafu umekwenda kumchukulia na msamaha. Kilichobaki ni kuku, nenda kawabebe na kuku."

Mluzi ukaisha. Usiku ule, na mfululizo wa siku zilizofuata, Zaprian hakuwa na amani. Kabla ya Jumapili alikuwa na hatia ya kawaida, ya kazi mbaya, ambayo kila fundi anayo kabatini. Sasa alikuwa na kitu asichojua akiiteje. Kila alipopita langoni kwa Nedialka, bibi alimpungia mkono kwa furaha zaidi kuliko zamani, kwa kuwa walishasameheana.

Alikwenda kwa Ventsi.

"Nataka kukata mtaro nyuma ya uwanja wako. Kando ya ua wote, na bomba mpaka barabarani."

"Kaka Zaprian, umeamkaje leo? Uwanja mpya! Unataka kumchana bibi arusi usoni?"

"Maji yanakwenda kwa Nedialka."

"Kalalamika?"

"Hapana."

"Basi unamtafutia maneno ya nini? Mwache bibi wa watu na amani yake."

"Ukuta unaanguka, Ventsi. Kona nzima."

Ventsi akachukua kitambaa. Akafuta kaunta iliyokuwa safi. "Mimi nilijuaje? Mimi napika utumbo. Wewe ndiye unayejua maji."

"Mimi ndiye ninayejua maji," Zaprian akakubali.

"Kata. Madereva nitawaweka mbele. Lakini bibi utamwambia wewe. Mimi nina mgahawa, nahitaji majirani."

Walianza Jumatatu asubuhi, baridi kali, Sali akisukuma msumeno wa kukatia lami. Ni chombo chenye sauti mbaya kuliko zote za ujenzi. Kinalia kama nguruwe anayechinjwa Krismasi. Haukupita muda Nedialka akatokea uani kwake, ameshika jembe, koti juu ya gauni la kulalia.

"Nyie! Mna wazimu? Mmemaliza juzi, leo mnapasua? Sali, zima mdudu huyo!"

Sali akazima. Akamtazama bosi wake, kisha akagundua kwamba ana haja ya dharura ya kwenda kuangalia mafuta ya jenereta, mbali.

Zaprian akavua kofia. Safari hii alimaliza sentensi. Alimwambia kwamba mteremko ulikuwa unamwelekea yeye, kwamba yeye Zaprian alijua hata kabla ya lami kufika, kwamba alikuwa na haraka kwa ajili ya Dimitri, kwamba mtaro huu ulipaswa kuwepo tangu Oktoba. Kwamba Gancho aliweka mawe ya kutosha. Msingi ulikuwa mzuri, Gancho angekuwa hai angeona aibu kufundishwa na Zaprian. Hakuna nyumba ya matofali mabichi duniani inayoweza kusimama kwenye maji ya uwanja mzima.

Nedialka hakumkatiza. Malori yalipita barabarani.

"Siku ile ulipoweka mkono ukutani," alisema mwishowe, "ulijua?"

"Nilijua, shangazi."

"Nikamtukana Gancho mbele yako."

"Ndiyo."

"Na Jumapili?"

"Nilijua."

"Basi nirudishie."

"Nikurudishie nini?"

"Msamaha wangu! Nilikupa bila kuhesabu, kama ninavyowapa watoto wanaoniibia cheri. Wewe ukautia mfukoni ukaondoka nao. Nirudishie."

Zaprian hakujua mtu anarudishaje kitu kama hicho. Akasema, "Chukua, shangazi." Nedialka akamtazama kwa muda, akaelekea kuridhika kwamba umerudi.

"Ukuta utanijengea. Hilo sikuulizi."

"Nitajenga. Tutaweka nguzo leo, nikimaliza mtaro nabomoa kona, naijenga upya."

"Kwa matofali mabichi. Sitaki saruji yako."

"Mabichi."

"Sasa vaa kofia. Twende."

"Wapi?"

"Kwa Gancho. Mimi nilimwambia yangu mbele ya kijiji. Wewe utamwambia yako."

Akaingia ndani, akatoka amevaa nguo nyeusi, na ile chupa ya divai ikiwa kwapani. Wakapanda kilima, yeye mbele, Zaprian nyuma na vumbi la lami mpaka kwenye nyusi. Walionionyesha njia waliyopita wanasema hawakuzungumza hata neno, na kwamba Zaprian alikuwa anatembea kama ng'ombe anayejua anakopelekwa.

Makaburini hapakuwa na mtu. Ngano ya Jumamosi ile ilikuwa imeliwa na ndege.

"Sema," Nedialka akamwamuru.

Zaprian akakohoa. "Bai Gancho," alianza, kwa kuwa ndivyo wadogo wanavyowaita wakubwa wao hapa, "habari yako. Ni mimi, Zaprian mwana wa Kolyo..."

"Kwa sauti! Alikuwa kiziwi miaka yake ya mwisho."

Akapaza sauti. Mtu mzima mwenye nywele nyeupe, amesimama katikati ya misalaba asubuhi ya kazi, akipiga kelele kuhusu mteremko, greda na kiwanda kilichozima moto. Alipofika kwenye kisingizio cha Dimitri, Nedialka alimgonga mbavuni kwa kiwiko, akakiacha. Akasema tu: "Ukuta wako ulikuwa mzuri. Mimi ndiye niliyeuharibu, nikakaa kimya, ukatukanwa wewe."

Nedialka akazibua chupa. Akaimwaga yote, polepole, kuanzia upande wa kichwa mpaka miguuni, bila kubakiza hata ile ya kuonja.

Kisha akapiga magoti. Ilimchukua muda, magoti hayakutaka, na Zaprian aliponyoosha mkono kumsaidia aliusukuma. Akaweka kiganja juu ya jiwe lililolowa.

"Nisamehe, Gancho," alisema, na haikuwa tena ile sauti ya kugombana. "Nilikunyima divai. Nilikuita mnafiki mbele ya akina Minka wa kaburi la pili, wakacheka. Ulikuwa umeweka mawe."

Akasubiri. Miaka yote aliyoishi, mtu akisema "nisamehe" hujibiwa upesi, kabla hata hajamaliza, na nadhani masikio yake yalisubiri jibu hilo yenyewe, kwa mazoea. Zaprian alisimama nyuma yake akilisubiri pia. Neno lilikuwa mdomoni mwake, lile neno moja analolitamka kila mtu hapa tangu utotoni, na alitamani kulitoa, ampe bibi huyu aliyepiga magoti kwenye tope kwa kosa ambalo halikuwa lake. Lakini halikuwa la Zaprian kulitoa; lilikuwa la Gancho. Akabaki ameshika kofia kwa mikono yote miwili, na hakuna aliyejibu.